Namba Iliyokataa Kutulia

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni siku ya kumi na sita tangu niolewe. Nimenunua daftari hili kwa sababu furaha imenijaa na sina tena pa kuimimina. Dada yangu amechoka kunisikiliza kwenye simu. Jana alinikatiza: "Mdogo wangu, hata sisi wengine tumeolewa."

Basi nitaandika. Mume wangu ni mrefu, ana mikono mizuri, na akifikiri husugua sikio la kushoto mpaka linapata moto. Anafundisha fizikia chuoni na anaandika tasnifu yake ya uzamivu. Tumepewa nyumba ya vyumba viwili, ya mwisho kwenye safu ya nyumba za walimu, chini ya kilima. Dirisha la jikoni linatazama kilima, na kamba ya nguo iko huko huko. Maabara yake nayo iko chini ya kilima hicho hicho, mwendo wa dakika nne. Nimeuhesabu kwa hatua.

Saa tisa mchana imenyesha mvua ya kwanza ya msimu. Nilisimama dirishani nikaiona ikishuka kilimani kama pazia jeupe, nikasema, hii ni baraka yetu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua tena, mchana. Nilianua nguo mbio mbio, shati lake moja likalowa. Nimelipiga pasi mara mbili, si kwa sababu lilihitaji.

Jumatano, 6 Machi

Leo amenipeleka kuona anachokipima! Chumba kiko chini ya ardhi, hakina dirisha hata moja. Ngazi kumi na tisa, milango miwili, kisha giza na ubaridi. Ndani ya sanduku la kioo unaning'inia uzi mwembamba kuliko unywele wangu, na kwenye uzi kuna kijiti chenye vitufe viwili, kimoja kila upande. Pembeni imekaa mipira miwili mikubwa ya madini ya risasi. Mipira inavivuta vitufe, uzi unajisokota kidogo sana, na mwale wa taa unasogea kwenye rula iliyobandikwa ukutani. Ni hivyo tu. Mwale unasogea upana wa punje ya mchele, naye anasoma namba.

"Kila chenye uzito kinavuta kila chenye uzito," aliniambia kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. "Jabali linavuta, kikombe kinavuta. Hata wewe unanivuta, mke wangu, na hayo si maneno ya kubembelezea. Naweza kukuandikia hesabu yake."

"Niandikie."

Akaniandikia nyuma ya bahasha. Sifuri, nukta, halafu msururu wa sifuri, mwishoni kabisa ndiyo tarakimu. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari hili. Nani mwingine amepewa barua ya mapenzi kama hiyo?

Fundi wa maabara, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuwa amesimama nje ya mlango. Wakati wa kipimo haruhusiwi kuingia. "Ni tumbo langu, shemeji," akasema akilipigapiga. "Bwana harusi anasema linavuta vitufe vyake. Wewe umekaribishwa kwa sababu huna uzito."

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Tumeshinda ndani. Siandiki zaidi, naona haya.

Jumanne, 12 Machi

Chai ya idara, nami nikaalikwa kama mke. Nimekutana na Profesa, ambaye ndiye msimamizi wa mume wangu na mkuu wa maabara. Atastaafu mwisho wa muhula. Simpendi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Profesa," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," vizuri tu. Kisha akamgeukia mume wangu mbele ya walimu wote.

"Bado unatafuta ufa kwenye msingi wa dunia?"

"Bado, Profesa."

"Ngoja nikwambie. Mawazo makubwa ya fizikia yalikwisha kuja kabla babu yako hajaota ndevu. Wakati unavyopinda, chembe zinavyocheza kamari, yote hayo. Tangu hapo tumepata mashine kubwa, tumeongeza tarakimu baada ya nukta. Lakini wazo? Wazo la msingi, la kumfanya mtu ashindwe kumeza chai yake? Halijaja. Sisi ni wapaka rangi, kijana. Nyumba walijenga wengine."

"Na rangi ikipasuka pale pale kila ukipaka?"

"Ni rangi mbaya." Watu wakacheka.

"Au ni ukuta," mume wangu akasema. Yeye hakucheka.

Njiani aliniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Mwisho wa muhula chumba cha chini kitafungwa, kigeuzwe stoo ya viti, na nafasi yake yeye itakwisha nacho. Kuna tumaini moja tu: tarehe 19 Aprili watakuja wageni watatu kutoka vyuo vya nje kumsikiliza. Wakiona kuna jambo, chumba kitabaki. Nilimshika mkono njia nzima. Mawazo yanaishaje? Ni tiketi?

Ijumaa, 15 Machi

Mvua kubwa! Shuka zetu za harusi zilikuwa kambani, zimelowa mpaka kamba ikakatika. Nimezifua upya zote tatu.

Jumatatu, 18 Machi

Amerudi saa sita mchana akikimbia, viatu na matope mpaka sebuleni, akaninyanyua juu kama gunia la pamba.

Namba imekataa kutulia. Inatakiwa kuwa ile ile kila siku, kwa sababu uvutano haubadiliki. Ndivyo kila kitabu kinavyosema. Lakini tangu mwanzo wa Machi inapanda, inashuka kidogo, inapanda tena. Kwa wiki mbili amekuwa akitafuta kosa na hajaniambia. Alinihesabia kwa vidole: joto la chumba ameliondoa, mtikisiko wa malori ameuondoa, mwezi ameuondoa. "Hata mvua nimeichunguza, kwa ajili ya unyevu. Nimechukua takwimu za kituo cha hali ya hewa, kule uwanja wa ndege. Hazilingani kabisa na namba."

"Kwa hiyo imebaki nini?"

Akakaa sakafuni na matope yake. "Umebaki uvutano wenyewe. Labda haujatulia. Labda hatujawahi kuuelewa. Ikiwa ni kweli, mke wangu, kila kitabu kitafunguliwa upya kuanzia ukurasa wa kwanza."

Nililia kwa furaha. Nimeolewa na mtu atakayefungua vitabu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kutwa. Hakula.

Jumatano, 27 Machi

Wingu halijaondoka kilimani siku tatu. Ndani ya kabati kumeota ukungu, na gauni langu la harusi lina madoa ya kijivu kwenye pindo. Nilimwonyesha. Akasema, "Eeh." Nikamwambia chai imepoa. "Eeh." Nikamwambia nyumba inaungua. "Eeh." Nilicheka, kisha nikaenda kukaa jikoni mpaka kicheko kikaisha.

Ijumaa, 29 Machi

Mama mkwe amepiga simu. "Mkwe wangu, anakula?"

"Anakula, mama."

"Usinidanganye. Huyo nilimzaa mimi. Alipokuwa mdogo alishinda siku nzima anatazama kivuli cha nguzo kinavyotembea, tukamtafuta mpaka kwa majirani. Usimzuie. Mlishe tu, hata kwa hila."

Leo nimemlisha kwa hila. Nilimwuliza habari za vitufe, na kila akifungua mdomo kueleza, natia kijiko.

Jumanne, 2 Aprili

Siku ya nne ya jua. Nguo zimekauka, magodoro nimeyatoa nje. Lakini namba imeshuka, na yeye amerudi na uso ambao sikuujua. Nilifunga mlango kwa nguvu kidogo, akanifokea. Mimi! Baadaye aliomba radhi akiwa amenipa mgongo.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua imerudi, na namba imepanda, na mume wangu amerudi! Ameimba akinawa. Amenisuka nywele vibaya sana, nimeziacha hivyo hivyo.

Nimemwambia jambo la kuchekesha nililoliona: siku za mvua ndizo siku zake za furaha. "Mimi?" akasema. "Kule chini sijui hata kama inanyesha."

Nimeanza kuipenda mvua kama mtu anavyompenda mpishi wa harusi yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Amenipa kazi! Nitamchapia ripoti ya wageni, kwa kuwa nilisomea kuchapa baada ya kidato cha nne na vidole vyangu vina kasi kuliko vyake. Kurasa thelathini na mbili, na majedwali. Nimefurahi mno. Jina langu litakuwa kwenye shukrani.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilifika kwenye jedwali la mwisho. Kushoto tarehe, katikati namba, kulia safu ya "Mvua, kituo cha uwanja wa ndege". Nilikuwa nachapa bila kufikiri. Machi 15, mvua, sifuri. Nikacheka peke yangu. Sifuri! Shuka zangu tatu na kamba iliyokatika ni sifuri!

Halafu nikaacha kucheka.

Mvua yetu ni ya kilima. Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa mji, kwenye tambarare. Huko vumbi, huku matope. Kila mwanamke anayeanika nguo kwenye safu hii ya nyumba anajua. Walimu hawajui. Asubuhi wanashuka chini ya ardhi, jioni wanapanda, na katikati wanaamini karatasi.

Nikachukua daftari hili, nikaliweka kando ya jedwali. Machi 4, mvua, namba imepanda. Machi 5, imepanda. Machi 9 haina namba, tulishinda ndani. Machi 15, imepanda kuliko siku zote zilizotangulia. Siku nne za jua, imeshuka. Aprili 8, imepanda. Nilikwenda na kurudi mara tatu nikiomba nikosee mahali. Sikukosea.

Kilima kikilowa kinakuwa kizito, na kila chenye uzito kinavuta kila chenye uzito. Alinifundisha mwenyewe. Amemfukuza fundi kwa sababu ya tumbo lake, na ukuta wa chumba umeegemewa na kilima kizima kinachokunywa maji tangu Machi.

Mimi si msomi. Huenda sijui ninachokisema. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili sasa na bado siiamini.

Alirudi saa kumi, akanibusu mkono wenye wino. "Umefika wapi?"

"Jedwali la mwisho."

"Hilo ndilo litakalowamaliza wageni," akasema, akaenda kunawa, akiimba.

Sikusema.

Jumanne, 16 Aprili

Leo alikuja Profesa, mume wangu akiwa darasani. Nilidhani amekuja kumkejeli, nikamkaribisha kwa ubaridi. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni wa msibani, akaomba aone kurasa zilizochapwa. Alizisoma polepole, akirudi nyuma, akitembeza kidole.

"Nimeirudia hesabu yake kwa siku sita," akasema. "Sijapata kosa. Nimelitafuta kwa nia mbaya, mwanangu, nikitaka nilipate, na sijalipata."

"Lakini ulisema mawazo yamekwisha."

"Nimesema hivyo miaka thelathini na tano. Unafikiri kwa nini?" Akavua miwani. "Nilianza kazi hii nikiwa na umri wa mumeo. Nilidhani wazo jipya litatokea wiki ijayo. Kisha mwaka ujao. Mtu huchoka kusubiri, anaanza kusema hakuna anayekuja. Ni afadhali kuliko kusimama barabarani."

Aliondoka bila kumaliza chai. Mlangoni akasema, "Nimebakiza wiki tano. Nikiliona hili kabla sijatoka, basi."

Nilikuwa namchukia mzee huyu! Sasa nina wawili wa kuwavunja moyo badala ya mmoja.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Sikusema. Ametabasamu usingizini, alipopumzika mchana.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimesema.

Saa nane mchana alikuwa anajaribu suti yake ya harusi kwa ajili ya kesho. Alikuwa mzuri kuliko siku ile. Nilitaka kungoja mpaka kesho ipite. Lakini nilimwona akiwa amesimama mbele ya wageni watatu, na mmoja wao, asiye na mapenzi naye hata chembe, akiuliza, "Huku kwenu mvua hunyesha wapi?" Afadhali asikie kwangu.

Nikaweka karatasi mezani: tarehe, namba yake, mvua yangu.

Akaisoma. Mkono ukaenda sikioni, ukasugua, ukasimama. Nje maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji, nikatamani ningeweza kuyanyamazisha.

"Umelijua hili lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

"Siku tatu," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesoma rula. Akavua koti, akalitundika vizuri, akaketi, akavuta karatasi safi. "Lete daftari lako. Nisomee."

Nikaanza: "Jumatatu, 4 Machi. Leo ni siku ya kumi na sita tangu..."

"Soma mvua tu. Hayo mengine ruka."

Nikaruka. Nilimsomea msimu wetu mzima hivyo: tarehe, saa, nyingi au kidogo. Aliniuliza kamba ilikatika saa ngapi. Aliniuliza matope yalifika wapi kwenye ngazi za nyuma. Alikadiria maji ya kilima, uzito wake, umbali wake kutoka kwenye uzi, akapiga hesabu, akaweka alama. Kila tarehe niliyoitamka ilimpokonya kitu, naye akashukuru kwa kichwa na kusema, "Inayofuata."

Giza lilikuwa halijaingia alipomaliza. "Inalingana," akasema. Kisha akanitazama. "Ningekuwa mimi, nadhani nisingekwambia."

Mpaka sasa sijui kama hilo lilikuwa sifa au lawama. Sijathubutu kuuliza.

Ijumaa, 19 Aprili

Niliketi nyuma kabisa, karibu na fundi. Mume wangu hakusoma ripoti yangu. Aliandika ubaoni namba inayopanda na kushuka, wageni wakainama mbele, nikaona hata kalamu zimesimama. Kisha akachora kilima. Akachora mvua. Akaeleza yote kwa dakika kumi na moja, bila kujitetea.

Mgeni mmoja alicheka kwa wema. "Umepima mvua kwa nguvu inayoshika nyota! Lakini ni kazi safi sana. Kifaa chako kina wivu kuliko mke."

Watu wakacheka. Profesa peke yake aliinua mkono, kama mwanafunzi.

"Ukiondoa maji, kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu, Profesa. Sifuri."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata kidogo? Hata mwishoni mwa nukta?"

"Hata kidogo."

Profesa akashusha mkono taratibu. Sijawahi kuona mkono mzito hivyo.

Nje fundi alijaribu kutuchangamsha. "Kwa hiyo mimi nimefukuzwa na tumbo langu, kilima kikaachwa ndani! Bwana harusi, mimi nadai fidia." Mume wangu akamshika bega, akapita.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua nyepesi. Anakula kila nikimpa. Nilikuwa nimeliombea hilo.

Ijumaa, 3 Mei

Barua mbili. Wageni wameipongeza kazi, lakini chumba kitafungwa, kwa kuwa matokeo hayaonyeshi jambo jipya. Barua ya pili imetoka idara ya maji. Mmoja wa wale wageni amewasimulia, nao wanataka mtu wa kuwapimia maji yaliyo chini ya vilima kwa kutumia uzito wake. Kazi ya kudumu, nyumba ya vyumba vitatu, mji mwingine.

Nilimkumbatia nikapiga vigelegele, maana mke hufanya hivyo. Alinipapasa mgongo kama mtu anayemtuliza ng'ombe wa jirani.

"Hufurahi?" nikamwuliza.

"Nafurahi. Ni kazi ya maana. Watu watachimba visima pasipo kubahatisha."

"Basi?"

"Basi hivyo."

Ijumaa, 10 Mei

Nimekutana na Profesa njiani, amebeba vitabu vyake kwenye mfuko wa sokoni. Nikamwamkia, nikampokea mfuko. Nilitaka aniambie nilifanya vyema. Nilisubiri mpaka geti.

"Miaka yote nimewaambia hakuna jipya," akasema, "na kila mwaka nimekuwa sahihi. Hujui, mwanangu, ninavyochoshwa na kuwa sahihi."

Akachukua mfuko wake.

Jumanne, 21 Mei

Tumehamia. Mji huu ni mkavu, barabara zimenyooka, nyumba ni nzuri. Nimefungua madirisha yote nikaimba ili kuta zinizoee. Nampenda. Naandika hivyo kwa mkono ule ule ulioandika orodha ya mvua, na yote mawili ni kweli.

Asubuhi tulikwenda ofisi ya nyumba kuchukua ufunguo. Karani, mama wa makamo mwenye haraka, alikuwa anajaza fomu. Jina. Hali ya ndoa. "Maharusi!" akasema, nikatabasamu. "Kazi?"

Mume wangu akaanza kusugua sikio. Karani akasubiri, kalamu hewani, kisha akanigeukia mimi, kama watu wanavyomgeukia mke wa mgonjwa. "Mama, mumeo anafanya kazi gani?"

"Mwanafizikia," nikasema. Nililitamka kwa sauti, watu wa foleni wakageuka.

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la ndugu yake aliyefariki.

"Mpima maji," akamwambia karani. "Andika mpima maji."

Karani akaandika, akagonga muhuri, akatukabidhi ufunguo.